Uzi maalumu: Masoko ya vitu vya zamani ya Paris, na kwa nini uanzie Vanves kabla ya Saint-Ouen

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mara kwa mara huulizwa humu na wenzetu wanaokuja Paris kikazi, kimasomo au kutembelea jamaa, kama masoko ya vitu vya zamani yanastahili kutengewa siku nzima. Majibu mengi huishia kwenye soko moja tu, la Saint-Ouen, tena kwa sifa zilezile zinazosomwa kwenye vipeperushi vya watalii. Ninaishi katika mji huu na masoko haya nayapenda kwa dhati, kwa hiyo naomba niyaeleze kwa kirefu, kwa sababu naamini mgeni anayeanzia Saint-Ouen anaanzia juu ya ngazi badala ya chini. Bidhaa za zamani hapa hupanda kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na kwa kila hatua bei huongezeka. Asiyejua amesimama hatua gani hulipa bei ya dukani kwa kitu ambacho wiki iliyotangulia kilikuwa kimetandazwa chini juu ya turubai.

Tuanze na swali ambalo wageni wengi hawajiulizi: kwa nini masoko yote makubwa ya aina hii yako pembezoni, kwenye vituo vya metro ambavyo majina yake huanza na neno Porte, yaani lango? Kati ya mwaka 1841 na 1844 Paris ilizungushiwa ukuta wa kijeshi, na nje ya ukuta huo ukaachwa ukanda wa takriban mita 250 ambamo ujenzi wa kudumu ulikatazwa. Mafukara walijenga mabanda yao humo humo, wakiwemo waokotaji wa matambara na mabaki, watu waliokuwa wakizunguka mitaani usiku wakiwa na kikapu mgongoni, taa mkono mmoja na ndoano mkono mwingine. Mwaka 1883 mkuu wa mkoa wa Seine, Eugène Poubelle, aliamuru kila nyumba iwe na vyombo vya taka vyenye vifuniko, na agizo hilo lilipoanza kutekelezwa mwaka 1884, waokotaji walilalamika kwamba riziki yao imefungiwa ndani ya mapipa. Wengi walikuwa tayari wamesukumwa nje ya malango, ambako ardhi ilikuwa rahisi na ushuru wa bidhaa zinazoingia mjini haukuwafikia. Jumapili walitandaza walichookota, na watu wa mjini wakatoka kwenda kutazama. Mwaka 1885, halmashauri ya Saint-Ouen ilipoanza kutengeneza barabara na kuweka utaratibu wa eneo hilo, ndio unaohesabiwa kuwa mwaka wa kuzaliwa kwa soko. Ukuta ulianza kubomolewa mwaka 1919, na leo mahali pake pamezungukwa na barabara kuu ya magari iliyokamilika mwaka 1973, lakini masoko yamebaki palepale malangoni: Clignancourt, lango la kuendea Saint-Ouen, kaskazini, Montreuil mashariki, Vanves kusini.

Sasa Vanves. Shuka kituo cha Porte de Vanves, metro namba 13, siku ya Jumamosi au Jumapili, mapema kadiri unavyoweza. Wachuuzi hujipanga kando ya barabara mbili, avenue Marc Sangnier na avenue Georges Lafenestre, kuanzia saa moja asubuhi, na ikifika saa nane mchana wengi huwa wamekwisha kufunga. Hapa hakuna maduka. Kuna gari la mizigo lililofunguliwa mlango wa nyuma, meza za kukunja, na masanduku ambayo mwenyewe bado hajamaliza kuyafungua. Majira ya baridi jua huchelewa kuchomoza, kwa hiyo utakuta watu wanakagua vitu kwa tochi. Wengi wa hao ni wafanyabiashara wenzao, wanaonunua asubuhi ili wakauze kwa bei ya juu kwenye maduka ya Saint-Ouen au kwa wateja wao binafsi. Nawashauri mtembee nyuma yao na kutazama mikono yao: nini wanakigeuza, wanakitazama upande gani, nini wanakirudisha bila kuuliza bei.

Chukueni mfano wa vijiko na uma, kwa sababu ndivyo vinavyojaa kila meza. Mtu mzoefu hatazami nakshi. Hugeuza kijiko na kutafuta mihuri nyuma ya mpini. Fedha halisi ya Ufaransa, tangu mwaka 1838, hugongwa muhuri wa kichwa cha Minerva, mungu wa kike wa Kirumi aliyevaa kofia ya chuma. Kando ya kichwa huwa kuna namba ndogo: 1 ikimaanisha sehemu 950 za fedha katika 1000, na 2 ikimaanisha sehemu 800. Chapa ya fundi kwenye fedha halisi huwa ndani ya umbo la uru, ilhali kwenye chuma kilichopakwa fedha huwa ndani ya mraba, na mara nyingi huandamana na namba kama 84, ambayo ni gramu za fedha zilizotumika kupaka dazani ya vijiko na dazani ya uma. Vilivyopakwa si vibaya hata kidogo. Kampuni ya Christofle ilijipatia jina kwa vyombo hivyo hivyo, na vinadumu miaka mingi mezani. Lakini bei yake haipaswi kukaribia bei ya fedha halisi, na lenzi ndogo ya mfukoni inatosha kumaliza ubishi.

Kuhusu kupatana bei, hapa si Kariakoo wala Gikomba. Kwanza salamu. Sema "Bonjour" kabla ya kugusa chochote, kwa sababu mchuuzi anayeshikiwa mali yake na mtu asiyemsalimu huona amedharauliwa, na bei utakayotajiwa itaonyesha hivyo. Pili, usikate bei nusu. Mtaja bei wa Vanves huacha nafasi ndogo ya kupunguza, na akiona unataja theluthi ya alichosema atageukia mteja mwingine bila hasira na bila maelezo. Kinachofanya kazi ni kukusanya vitu viwili au vitatu kutoka meza moja, kisha kuuliza kwa upole atakuachia vyote kwa kiasi gani. Ukiwa na noti mkononi ni bora zaidi. Mchana, wakati wa kufunga, bei hulegea, hasa kwa vyombo vizito vya kaure na vitabu ambavyo mwenyewe hataki kuvipakia tena. Vitu vizuri vyepesi, hata hivyo, huwa vimeondoka tangu alfajiri.

Ukishaizoea Vanves, nenda Saint-Ouen. Soko hilo hufunguliwa Jumamosi, Jumapili na Jumatatu, ingawa Jumatatu maduka mengi huwa yamefungwa, na mwezi wa Agosti wenye maduka wengi huwa likizo. Ukitoka kituo cha Porte de Clignancourt, metro namba 4, utapita kwanza katikati ya vibanda vya viatu vipya, mikanda, simu na jaketi za bei rahisi. Wageni wengi hudhani hilo ndilo soko lenyewe, wakakata tamaa na kurudi. Endelea mpaka upite chini ya daraja la barabara kuu, kisha ushike kushoto kufuata rue des Rosiers. Jihadhari na vibaka katika kipande hicho cha njia, na usisimame kutazama wachezesha karata tatu, kwa maana wanaoonekana kushinda pale ni wenzao.

Kando ya rue des Rosiers kuna masoko zaidi ya kumi, kila moja likiwa na jina, mwaka na tabia yake. Vernaison, lililoanzishwa mwaka 1920, ni vichochoro vyembamba vyenye vibanda vidogo vya shanga, vifungo, wanasesere, funguo, vitambaa vya mezani vilivyotariziwa herufi za bibi harusi wa zamani. Kama una saa moja tu, itumie huko. Biron, la mwaka 1925, lilijipambanua mapema kama soko la samani za kifahari. Paul Bert na Serpette ndiko wanakonunua wapambaji wa nyumba na wakusanyaji kutoka Marekani na kwingineko, na kampuni za usafirishaji zina ofisi zao hapo hapo kwa sababu meza ya mbao inayouzwa Jumamosi huweza kupelekwa bandarini ndani ya kontena. Tembea humo kama unavyotembea makumbusho. Kuuliza bei hakulipiwi, na wenye maduka wengi hufurahia mtu anayeuliza kitu kimetoka wapi na kimetengenezwaje.

Katika maduka hayo zingatieni kanuni moja ya sheria ambayo humlinda mnunuzi. Amri ya serikali ya tarehe 3 Machi 1981 inamfunga muuzaji kwa maneno anayoyaandika kwenye risiti. Akiandika kwamba kiti ni cha "époque Louis XV", anathibitisha kwamba kimetengenezwa katika zama za mfalme huyo wa karne ya 18. Akiandika "style Louis XV", anasema tu kwamba kimeigwa kwa mtindo huo, na huenda ni cha juzi. Tofauti ya bei kati ya viwili hivyo ni kubwa mno, kwa hiyo dai risiti yenye maelezo kamili kwa kitu chochote cha thamani. Muuzaji wa kweli hatakataa, maana yeye mwenyewe hulazimika kuweka daftari la kila anachonunua na kwa nani.

Hadi hapa nimezungumzia hatua za kati na za juu. Hatua ya chini kabisa bado ipo, na sipendi kuona inavyorukwa katika maelezo ya watalii. Waokotaji hawakwisha na karne ya 19. Utawakuta kando ya masoko rasmi, wazee wa pensheni ndogo na wahamiaji, wakitandaza shuka lenye kikaango, waya za simu, suruali mbili na saa isiyotembea, tayari kuvuta pembe nne za shuka na kuondoka polisi wakitokea. Kwa miaka mingi walikuwa wakifukuzwa tu. Mwaka 2009, baada ya wao wenyewe kujipanga na kudai haki, eneo la Porte Montmartre lilitengwa kwa ajili yao chini ya daraja, lenye nafasi 100 zilizochorwa na kadi za utambulisho, kwa sharti la kuuza vilivyookotwa au kutumika tu, bila bidhaa bandia na bila chakula. Ni mwendo mfupi kutoka Clignancourt. Nunueni kwao kitu, hata kikombe. Watu hawa ndio waliolianzisha soko ambalo leo linauza meza kwa maelfu ya euro.

Montreuil nitaipitia haraka. Iko mwisho wa mji upande wa mashariki, metro namba 9, Jumamosi hadi Jumatatu, na nguvu yake ni nguo za mtumba na vifaa vya kazi vilivyotumika. Ndani ya mji kuna place d'Aligre, ambako vitu vya zamani huuzwa asubuhi kandokando ya soko la matunda na mboga, kila siku isipokuwa Jumatatu. Ni pazuri kwa mwenye nafasi ndogo, lakini uchaguzi ni mdogo.

NYONGEZA, kufuatia maswali ya wachangiaji:

Ndugu aliyeuliza kama kuna chochote cha kwetu katika masoko haya, jibu ni ndiyo, tena kingi kuliko tunavyodhani, na zaidi ni karatasi. Meli za kampuni ya Messageries Maritimes kutoka Marseille zilipita Suez na kutia nanga Mombasa na Unguja zikielekea Komoro, Madagaska na Réunion. Abiria, mabaharia na maofisa walituma postikadi nyumbani, na postikadi hizo, baada ya wajukuu kuuza vitu vya marehemu, huishia kwenye masanduku marefu yaliyogawanywa kwa vibao vya nchi. Tafuta kwenye kibao cha Afrika, lakini pia kwenye Madagaska na kwenye "Colonies", kwa kuwa wapangaji hawajui jiografia yetu. Nyingi za picha za Unguja zilipigwa na wapiga picha wa Kigoa waliokuwa na studio pale Mji Mkongwe, akina Gomes na akina Coutinho. Unaweza kukutana na Beit al-Ajaib ikiwa nzima, wapagazi ufukweni, au mtaa wa maduka wenye baraza ambazo bado tunazitambua.

Namna ya kukadiria umri wa postikadi ni kuigeuza. Ufaransa iliruhusu upande wa nyuma kugawanywa, ujumbe kushoto na anwani kulia, kuanzia mwishoni mwa mwaka 1903. Uingereza iliruhusu mwaka 1902 na Ujerumani 1905. Kwa hiyo kadi ya Kifaransa yenye nafasi ya anwani peke yake nyuma, huku ujumbe umebanwa pembeni mwa picha, ni ya kabla ya hapo. Angalieni stempu pia. Kuanzia mwaka 1889 hadi 1904 Ufaransa ilikuwa na ofisi yake ya posta Unguja, na ilitumia stempu za Kifaransa zilizopigwa chapa ya bei kwa anna, sarafu ya India, baadaye na jina Zanzibar lenyewe. Mchuuzi wa postikadi mara nyingi anaijua thamani ya stempu hizo, lakini mwenye gari la mizigo pale Vanves anaweza asiijue. Pale Saint-Ouen, ghorofa ya kwanza ya soko la Dauphine, lililofunguliwa mwaka 1991, imejaa wauzaji wa vitabu, ramani na karatasi za zamani, ambao bei zao ni za wajuzi na mpangilio wao ni wa kuridhisha sana.

Kuna aina moja ya postikadi ambayo sinunui wala sipendi ipakiwe humu. Ni zile za wanawake na wasichana wa Kiafrika waliovuliwa nguo mbele ya kamera na kuandikwa chini yake jina la kabila badala ya jina lao. Hawakuulizwa, na soko la wakusanyaji linaendelea kuwauza. Za mitaa, bandari, masoko, harusi na shule zinunuliwe, zipigwe picha za ubora mzuri pande zote mbili, na nakala zipelekwe kwa wanaohifadhi, kwa mfano Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Zanzibar.

Mwenzetu kutoka Lubumbashi ameuliza kuhusu santuri. Santuri nyingi za rumba za miaka ya 1960 na 1970 zilichapishwa Ufaransa na Ubelgiji, na Tabu Ley Rochereau mwenyewe alipiga katika ukumbi wa Olympia hapa Paris mwaka 1970, kwa hiyo wapo Wafaransa na Wakongo waliokuwa nazo tangu siku hizo. Zipo Dauphine kwa bei ya wakusanyaji, na hutokea Vanves na Montreuil kwa bei ya kawaida. Itoe santuri kwenye jalada, iinamishe ielekee kwenye mwanga, na usinunue yenye mkwaruzo unaoshika ukucha.

Kuhusu vinyago na barakoa: msichukulie rangi ya moshi na vumbi kuwa ushahidi wa umri. Barakoa nyingi zinazouzwa kwa jina la Kongo zimetengenezwa kwa ajili ya soko na kuzeeshwa kwa makusudi, na vinyago vya Kimakonde vya mpingo mnavyoviona mara nyingi ni vya kuuzia wageni. Kama kinyago kinakupendeza, kinunue kwa uzuri wake na kwa bei inayolingana na uzuri huo. Kama muuzaji anadai ni cha kale, mwombe aandike hivyo kwenye risiti.

Pembe za ndovu, ndugu zangu, msiguse. Mtaziona zikiwa bangili, mipini ya visu, funguo za piano na sanamu ndogo, na baadhi ya wauzaji watasema ni za babu yao. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizowasilisha pendekezo la kumweka ndovu wa Afrika kwenye orodha ya ulinzi wa juu kabisa mwaka 1989, mwaka uleule ambao Kenya iliteketeza tani 12 za pembe. Ufaransa ilikaza sheria zake mwaka 2016, na Umoja wa Ulaya ukaongeza masharti mwaka 2022. Kuvuka nazo mpaka bila vibali ni kosa, na kuzirudisha Nairobi au Dar es Salaam ndani ya begi ni kujitafutia kesi.

Dada aliyeuliza kama anayeishi hapa kwa kibali cha mwanafunzi anaweza kuuza vitu vyake: kuna siku za mtaa ziitwazo vide-grenier, zinazoandaliwa na vyama vya wakazi hasa kuanzia majira ya kuchipua. Mtu asiye mfanyabiashara anaruhusiwa kushiriki mara mbili tu kwa mwaka, na auze vitu vyake binafsi vilivyotumika. Unajiandikisha mapema na kulipia mita za meza yako. Kwa mnunuzi, siku hizi ni nzuri kuliko soko lolote nililolitaja kwa vyombo vya jikoni, nguo za watoto na vitabu, kwa sababu anayeuza anataka kupunguza mzigo nyumbani na hakuna dalali katikati.

Kwa aliye na wikendi moja tu: Jumamosi alfajiri Vanves, Jumapili kuanzia saa nne asubuhi Saint-Ouen, ukipita Porte Montmartre wakati wa kurudi. Beba noti ndogo, lenzi, mfuko imara wa kitambaa na magazeti ya kufungia kaure. Kwenye ndege visu, hata vya mezani vya fedha, viende kwenye begi la kukabidhi. Mwenye swali kuhusu mihuri ya vyombo aweke picha ya mgongo wa mpini, iliyopigwa karibu na kwa mwanga wa dirishani, nami nitajitahidi kuisoma.